Mafundi wa Miti wa Kew na Mafunzo Yao

Mtu akisikia kwamba kijana wa Ulaya amekaa miaka miwili akifundishwa kazi ya kupogoa miti, aghalabu hucheka. Husema, Kazi hiyo yahitaji nini zaidi ya panga na mkono wenye nguvu? Baba zetu walikata matawi bila ya kwenda shule. Neno hili lina kweli ndani yake, maana kuukata mti ni jambo jepesi. Lakini kuukata mti hata uendelee kuishi miaka mia baada ya kukatwa, na watu waketi chini yake pasipo hatari, hiyo ni kazi nyingine. Katika Uingereza wanaoijua huhesabiwa kuwa mafundi kamili, kama fundi mwashi au fundi wa saa. Mwezi huu twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi mafundi hao wanavyofundishwa, na zaidi sana jinsi waalimu wao wenyewe walivyolazimishwa na mti mmoja kujifunza upya.

Mahali tunapopanena ni Kew, bustani kubwa iliyo kando ya mto Thames, upande wa magharibi wa London. Ilianza mwaka 1759 kuwa bustani ya Augusta, mama yake Mfalme George wa Tatu. Mwaka 1840 ikawa mali ya taifa, ikafunguliwa kwa watu wote. Ukubwa wake ni zaidi ya ekari 300, na miti iliyomo huhesabiwa kwa maelfu, mingine ya kale sana: upo mti wa Kichina uitwao ginkgo uliopandwa hapo mwaka 1762, nao ungali hai. Jina la Kew halikosi kutuhusu sisi pia, kwa kuwa kile kitabu kikubwa cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania kilitengenezwa huko, kazi iliyoanza mwaka 1948 na kwisha mwaka 2012. Bustani hiyo imefundisha watunza bustani kwa muda mrefu. Zamani ilipokea wanaume tu, hata mwaka 1896 wanawake wa kwanza walipoingia kazini. Siku hizi wako wanagenzi wanaofundishwa kazi ya miti peke yake, na uanagenzi huo katika Uingereza huchukua yapata miaka miwili.

Sasa tuseme habari za mti ule uliowafundisha waalimu.

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987 dhoruba kuu ilivuma kusini ya Uingereza. Watu 18 walikufa katika nchi hiyo, na miti iliyoangushwa ilikadiriwa kuwa milioni 15. Majani yalikuwa yangali juu ya miti na ardhi ilikuwa imelowa kwa mvua nyingi. Kwa hiyo upepo ulipata mahali pa kushika, na mizizi haikupata mahali pa kujizuia. Katika Kew peke yake miti yapata 700 ilipotea kwa usiku mmoja, na kati yake ilikuwamo miti iliyopandwa na watu waliokufa karne nzima kabla ya hapo. Jambo la namna hii haliwezi kulipwa kwa fedha. Nyumba ikianguka, mwenyewe aweza kuijenga tena mwaka ujao. Mti wa miaka mia mbili hujengwa kwa miaka mia mbili.

Palikuwa na mwaloni mmoja, uitwao Mwaloni wa Turner, uliopandwa mwaka 1798. Kabla ya dhoruba ulikuwa umekwisha kudhoofika, na watunzaji wake hawakujua sababu. Usiku ule upepo uliuinua mti huo wote pamoja na sahani ya mizizi yake, ukautikisa, kisha ukaurudisha katika shimo lake, nao ukabaki umesimama. Tony Kirkham, aliyefanya kazi Kew tangu mwaka 1978, na baadaye akawa mkuu wa miti yake yote hata alipostaafu mwaka 2021, ameieleza habari hii mara nyingi. Walidhani mti ule umekufa. Lakini kazi ya kuondoa miti iliyolala chini ilikuwa kubwa mno, basi wakauegemeza kwa nguzo, wakauacha uwe wa mwisho kukatwa. Miaka mitatu ikapita. Walipoufikia na misumeno yao, wakaona mti ule umestawi kuliko ulivyokuwa kwa miaka mingi.

Hapo wakaanza kuulizana. Ni kitu gani kilichouponya? Jibu lilikuwa chini ya miguu yao. Kwa miaka mingi wageni walipenda kuketi kivulini mwake na kula chakula chao, na udongo ukashindiliwa hata ukawa mgumu kama sakafu. Mizizi huvuta pumzi kama sisi. Huhitaji hewa iliyomo katika vijitundu vya udongo, na maji nayo hushuka kwa vijitundu hivyo hivyo. Vijitundu vikizibwa, mti hukosa hewa na maji pamoja, hudhoofika polepole, wala mtu haoni adui. Dhoruba ilipouinua mwaloni ule, iliufungua udongo kwa nguvu ambayo mtu yeyote wa Kew asingethubutu kuitumia.

Basi tangu hapo mafundi wa Kew wakageuza kazi yao. Mti ukianza kudhoofika, hawatazami majani tu. Hutazama kwanza ardhi. Wana mashine ipigayo hewa ndani ya udongo kwa nguvu hata udongo ukapasuka na kulegea bila ya kuikata mizizi. Wameondoa majani mafupi ya uwanja chini ya miti mingi, wakaweka duara pana la matandazo, yaani vipande vya mbao na majani yaliyooza, ili watu wasikanyage hapo na udongo upate chakula. Tena hufundishwa kuyaweka matandazo hayo mbali kidogo na shina, maana gome likifunikwa siku zote na unyevu huoza.

Wataalamu wa Kew waliitumia dhoruba ile kwa jambo lingine pia: waliichunguza mizizi ya miti iliyoanguka, ambayo kwa kawaida hakuna awezaye kuiona. Watu wengi walikuwa wakiamini, na vitabu vya shule vilichora hivyo, kwamba mti mkubwa una mzizi mkuu ushukao chini kama msumari. Wakakuta ya kuwa miti mikubwa yenye mzizi wa namna hiyo ni michache sana. Mingi ilikuwa na mizizi iliyotandaa karibu na uso wa nchi kama sahani, ikienea mbali kupita ncha za matawi. Kwa ajili hiyo mwanagenzi hufundishwa kwamba achimbaye mtaro hatua chache kutoka shinani amekwisha kumjeruhi mgonjwa wake, ingawa hakugusa hata tawi. Kutokana na uchunguzi wa namna hii Kirkham alisisitiza sana kupanda miti katika shimo la pembe nne, si shimo la mviringo. Katika shimo la mviringo mizizi hufuata ukuta na kuzunguka kama maji katika chungu. Ikifika katika pembe hupenya na kwenda zake. Jambo dogo hili, la kuligeuza jembe tu, halimgharimu mtu senti moja.

Somo la pili, nalo ndilo gumu kuliko yote kuaminiwa, ni hili: mti hauponi jeraha. Tumezoea kusema kwamba mti umepona, kwa sababu twaona gome jipya limefunika mahali palipokatwa. Lakini mwili wa mti si kama mwili wa mtu. Kidole chetu kikikatwa, nyama iliyoharibika huondolewa na nyama mpya huja mahali pake. Mti hauwezi kufanya hivyo. Ule mbao uliojeruhiwa hubaki ndani siku zote, na mti huuzungushia kuta, kama mwenye nyumba ambaye chumba kimoja kimeingia mchwa, naye, kwa kuwa hawezi kukibomoa, hukiziba mlango na madirisha akajenga chumba kipya nje yake. Aliyeyathibitisha mambo haya ni Mmarekani, Alex Shigo, mtaalamu wa idara ya misitu ya nchi yake. Wengine walizoea kuutazama mti kwa kuukata kwa mapana. Yeye aliupasua kwa urefu wake, toka juu hata chini, apate kuona uozo ulitoka wapi na ulizuiwa wapi. Akapasua miti zaidi ya 15,000. Mwaka 1977 aliyaandika mafundisho yake juu ya kuta hizo, akaonyesha kwamba ukuta wa kuzuia uozo usipande na kushuka ni dhaifu, na ule unaotenga mbao wa zamani na mbao utakaoota baada ya jeraha ndio wenye nguvu kuliko zote.

Mafundisho hayo yaliangusha desturi mbili za kale. Ya kwanza ni kulikata tawi sawasawa na shina, pasibaki hata kibonge, kazi ionekane safi. Tawi linapotoka shinani lina uvimbe uliolizunguka kama ukosi wa kanzu. Uvimbe huo si wa tawi, ni wa shina, na ndani yake ndimo mti unamojengea ukuta wake. Mkataji akiuondoa kwa kutaka usafi, ameufungulia uozo mlango wa shina lenyewe. Akiacha kisiki kirefu nacho ni kosa, kwa kuwa kisiki hufa na kuoza, na gome haliwezi kukifunika. Mahali pa kukata ni nje ya ukosi tu.

Desturi ya pili ni kupaka dawa juu ya kidonda. Hii nayo ni ya kale. William Forsyth, mtunza bustani wa mfalme katika London, ambaye jina lake limepewa ua la manjano lipendwalo sana Ulaya, alitangaza mwaka 1791 dawa yake ya miti: mavi ya ng'ombe, chokaa ya nyumba za zamani, majivu ya kuni, na mchanga wa mto. Hata Bunge la Uingereza likampa fedha kwa ajili ya siri hiyo! Baada yake wengine walitumia lami na rangi za namna nyingi. Shigo alizijaribu dawa hizo kwa miaka mingi, akaona kwamba hazizuii uozo, na nyingine huuhifadhi unyevu ambao uyoga wa kuoza huupenda. Kwa hiyo mwanagenzi wa leo akimaliza kukata hapaki kitu. Hukifunika chombo chake na kwenda zake, naye mwenye mti asiyejua humdhania kuwa mvivu.

Sasa kazi ya mikono. Tawi zito halikatwi mara moja, bali mara tatu. Kwanza msumeno huingia kwa chini, mbali kidogo na shina, hata robo ya unene wa tawi. Kisha mkato wa pili hutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na tawi huanguka bila ya kuchana gome. Mwisho hukatwa kile kibonge kilichobaki, nje ya ukosi. Asiyejua hukata kutoka juu tu. Tawi huinama kabla halijakatika, nalo huchuna ngozi ya shina kwa urefu wa mkono. Wasomaji wetu wengi wamekwisha kuliona kovu la namna hiyo juu ya mwembe.

Kupanda juu ni somo lenye hofu, na wengine hushindwa hapo. Mwanagenzi huvaa mikanda ya kiunoni na mapajani, hupitisha kamba katika panda ya mti yenye nguvu, na hujifunga kwa fundo liwezalo kuteleza apendapo na kukaza akianguka. Mafundo ya jamii hiyo hutokana na lile la Karl Prusik, Mwaustria mpanda milima, aliyelitangaza mwaka 1931. Viatu vyenye miiba ya chuma haviruhusiwi juu ya mti utakaoachwa hai, maana kila hatua ni jeraha. Huvaliwa tu kwa mti unaokwenda kuangushwa. Wala hakuna apandaye peke yake. Lazima awepo chini mtu wa pili aliyefundishwa kupanda na kumshusha mwenziwe aliyejeruhiwa, na jambo hili huzoezwa mara kwa mara, mmoja akijifanya amezimia juu ya mti. Msumeno wa mashine hukata mguu upesi kuliko macho yanavyoweza kuona, na juu ya mti hakuna mahali pa kurukia.

Walakini sehemu kubwa ya elimu yao ni kujua wakati wa kutokata. Mwanagenzi hufundishwa kuuzunguka mti kabla ya kugusa chombo: atazame mizizi kama imeinuka, atazame uyoga uliotoka shinani na kuutambua jina lake, apige shina kwa nyundo na kusikiliza sauti. Shina lenye uwazi hulia kama ngoma. Lakini uwazi peke yake si hukumu ya kifo, na hapa wengi hukosea. Mjerumani Claus Mattheck, baada ya kupima miti mingi iliyovunjika na iliyosimama, alionyesha kwamba hatari huanza hasa pale unene wa mbao mzima uliobaki pande zote unapopungua chini ya yapata theluthi moja ya kipimo cha toka moyo wa shina hata nje. Yaani shina ambalo toka moyoni hata nje ni sentimita 60 laweza kuwa tupu ndani na kusimama imara, likiwa na sentimita 20 za mbao mzima kuzunguka. Kipimo hicho hakimpi fundi ruhusa ya kufumba macho. Humzuia tu asiangushe mti mzee kwa hofu.

Na hofu ina sababu yake. Mwezi wa Septemba mwaka 2012, katika Kew yenyewe, tawi la mwerezi wa Lebanoni lilianguka likamwua mwanamke kijana aliyekuwa akitembea bustanini. Twalitaja jambo hili kwa kuwa msomaji asidhani ya kwamba mafunzo huondoa hatari yote, hata mahali palipo na mafundi bora. Afundishwaye kazi hii hufundishwa kuishi kati ya mambo mawili: mti akiuacha, pengine utamwua mtu, akiukata kwa hofu, amewanyima kivuli watu ambao hawajazaliwa. Kila mara ni lazima aamue mwenyewe, na kuandika sababu za uamuzi wake, apate kuulizwa baadaye.

Maadui wapya nao huja. Mwaka 2006 waligunduliwa magharibi ya London viwavi wa nondo aharibuye mialoni, walioletwa pamoja na miche kutoka ng'ambo. Hutembea kwa safu kama askari, na malaika zao huwasha ngozi na kuudhi kifua. Fundi wa miti wa siku hizi huenda kazini akiwa amevaa kama mganga wa tauni.

Yamkini msomaji atauliza, Haya ya Kew yatufaa nini sisi tusio na mialoni? Atazame mwembe ulio mbele ya shule. Kila asubuhi watoto hufagia chini yake hata udongo unang'aa, na majani, ambayo ndiyo chakula chake, hutupwa shimoni au huchomwa papo hapo karibu na shina. Miguu mia mbili hukanyaga hapo kila siku. Mti ukidhoofika watu husema umezeeka. Twaona ingefaa waalimu wapime duara la hatua tatu au nne kulizunguka shina, walipange mawe, na majani yaachwe humo yaoze. Watoto na wakae nje ya mawe, kivuli chafika. Na miche michanga ipogolewe mapema, matawi yakiwa membamba kama kidole, maana samaki mkunje angali mbichi si neno la watoto peke yao. Tawi la unene wa kidole likikatwa, jeraha hufunikwa upesi. Likingojewa hata liwe kama paja, huacha mlango wa uozo usiofungika. Wala mti usikatwe kichwa ili usirefuke. Hutoa machipukizi mengi yaliyoshikwa kijuujuu tu, nayo yakisha kuwa mazito ndiyo yaangukayo wakati wa masika.

Tena kuna kengele ya shule, ile rimu ya gari au kipande cha reli, iliyofungwa kwa waya kulizunguka tawi au shina. Mti hunenepa kila mwaka, waya haunenepi. Hukata gome polepole, hata njia ya chakula kitokacho majanini kwenda mizizini ikafungwa. Ni heri kengele itundikwe juu ya nguzo mbili zenye boriti. Kama hapana nguzo, ining'inizwe kwa utepe mpana wa mpira wa gurudumu, nao ulegezwe kila mwanzo wa mwaka. Lakini pale waya ulipokwisha kumezwa na gome, mtu asiuvute kwa nguvu, asije akauchuna mti. Aukate pande zote mbili karibu na gome, ulio ndani auache humo humo.